Uzoefu wangu na kifaa cha sindano saba cha kufungulia makufuli ya tundu la duara

Kifaa ninachokizungumzia ni cha mkono, hakina betri wala mota, na sindano zake saba zimepangwa kwa duara kuuzunguka mdomo wake. Kimetengenezwa kwa ajili ya makufuli ya tundu la duara, ambayo wengi wameyaona kwenye mashine za kuuzia vinywaji, kwenye nyaya za kufungia kompyuta mpakato na kwenye baadhi ya baiskeli. Nilikinunua kwa burudani tu. Makufuli ninayofanyia mazoezi ni yangu mwenyewe, wala hayafungi kitu chochote.

Ubora wote wa kifaa hiki umo katika pete ya mpira inayozibana sindano. Ndani ya kufuli, pini zimelala sambamba na mhimili wa kiini kinachozunguka, kila moja ikiwa na springi yake, na kiini hakigeuki mpaka pini zote zifike kwenye mpaka baina yake na sehemu isiyozunguka. Ukikibonyeza kifaa huku ukikichezesha kidogo kushoto na kulia, pini iliyobanwa huisukuma sindano yake nyuma, ilhali pini iliyo huru hukubali kusukumwa. Kwa hiyo msuguano wa sindano unapaswa kuishinda springi lakini ushindwe na pini iliyobanwa. Pete ikilegea, springi huzirudisha sindano zote. Ikikazwa kupita kiasi, sindano huzipitisha pini mahali pake. Changu kilifika kikiwa kimekazwa mno, na karatasi ya maelezo haikusema lolote kuhusu kurekebisha, kasoro ambayo kwangu ni kubwa kuliko nyingine zote.

Baada ya kurekebishwa, kazi yake inaridhisha. Kufuli likiwa limebanwa kwenye jiliwa, mkono huhisi mdomo wa kifaa ukizama taratibu, kisha kiini hugeuka bila kishindo. Ukiikaza hapo hapo kola, yaani sehemu ya kifaa inayozifunga sindano zisisogee, sindano hubaki katika vina vyake na kifaa chenyewe huwa ufunguo unaoweza kufungia na kufungulia kufuli hilo tena.

Ndiyo maana yaliyotokea mwaka 2004 hayanishangazi, pale ilipobainika kwamba baadhi ya makufuli ya baiskeli ya kampuni ya Kryptonite, yenye tundu la duara, yalifunguka kwa mwili wa kalamu ya plastiki: plastiki laini ilipokea umbo la pini vilevile kama sindano zinavyolipokea.

Hata hivyo, anayetaka kujifunza hasa aanze kwa kufungua pini moja moja, kwa kishikizo cha mkazo, yaani kifaa cha kukisukuma kiini kigeuke, na kijiti chembamba cha chuma. Njia hiyo ni ya taabu, kwa sababu kiini kikigeuka hatua moja, pini huingia katika matundu yanayofuata na kazi huanza upya, mara kadhaa kabla kufuli halijafunguka. Mimi naipenda zaidi taabu hiyo, maana kila pini huhisiwa kwa ncha za vidole, ilhali kifaa cha sindano huficha yote yanayotendeka ndani.

Kabla ya kununua, hesabu pini za kufuli lako na uangalie mahali kilipo kijino cha mwongozo, yaani kile kinachoelekeza ufunguo unavyoingia, kwa kuwa kifaa cha pini saba hakiingii kwenye kufuli la pini nane, na makufuli ambayo kijino chake kimesogezwa pembeni huhitaji mdomo wa aina nyingine. Makufuli yenye springi za nguvu tofauti ndiyo yanayokisumbua zaidi, kwani pete ni moja kwa sindano zote.