Bahasha ya utamilifu ya darasa la saba: jedwali linafaa, ramani haifai

Kuanzia mwezi wa tatu, steshenari za Mtwara mjini huuza bahasha za mitihani ya utamilifu kama karanga. Nyingi ni zilezile: maswali ya zamani ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, yamekusanywa, yamepigwa chapa upya, basi. Hii tunayoipitia leo, ya shilingi 1,200 kwa mwanafunzi kwa masomo yote sita, ina madudu yake, lakini imebeba karatasi moja inayostahili hela hiyo.

Karatasi yenyewe ni jedwali la majibu. Kila somo lina lake: mistari 40 kwa maswali 40 ya kuchagua, na mbele ya kila namba kuna visanduku vya herufi pamoja na kimoja cha waliouacha mstari wazi. Mwalimu mmoja anasoma fomu za watoto, mwenzake anachora vijiti vitano vitano. Hakuna kompyuta wala umeme unaohitajika. Ukimaliza unaona mtoto alikosea kwa kwenda wapi, jambo ambalo alama ya 23 kwa 50 haikuambii hata uitazame mpaka kesho.

Chukua swali la Hisabati la 3/4 + 1/6. Jibu ni 11/12. Aliyetunga hapa ni fundi, maana majibu ya uongo hayakuwekwa ovyo. Anayechagua 4/10 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kwa hiyo huyo arudishwe kwenye maana yenyewe ya sehemu, akate chungwa ikibidi. Anayechagua 4/12 ameshapata KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani 12), ila amesahau kubadili viasi. Huyo dakika kumi ubaoni zinamtosha. Tuseme darasa lina watoto 60, na 38 wameangukia 4/10. Kuwapa mazoezi mengine ishirini ya aina hiyohiyo ni kuwazoesha kosa. Vijiti vikitawanyika sawasawa kwenye herufi zote, ujue wamebahatisha: ama mada haijafundishwa, ama swali halisomeki.

Kwenye kubahatisha ndiko bahasha inakojikwaa. Fomu ya mtihani wa taifa ina herufi A hadi E, ya kwao inaishia D. Mtu akijibu 40 zote kwa kufumba macho, kwa herufi tano anatarajiwa kupata kama 8. Kwa herufi nne anapata 10. Zidisha kwa masomo sita: 48 dhidi ya 60. Daraja la E linaishia 60 na D inaanzia 61 kati ya 300, kwa hiyo mtoto asiyejua kitu anaonekana amesimama mlangoni mwa D. Mwalimu wa taaluma akipeleka wastani huo kwenye kikao cha wazazi, mtihani wa taifa wa Septemba utamuumbua. Dawa ni kuongeza jibu la E kwa mkono kwenye karatasi mama kabla ya kutoa kopi. Ni kazi ya jioni moja kwa somo, na lisiwe jibu la mzaha.

Ramani ya Maarifa ya Jamii ni hasara tupu. Ilichorwa kwa kipimio cha 1:50,000 kwenye A4, kisha kijitabu kizima kikapunguzwa kuwa A5 ili kuokoa rimu. Namba ya kipimio ikabaki vilevile. Barabara iliyokuwa sentimita 4, yaani kilomita 2, sasa ina sentimita 2.8. Mtoto anayepima vizuri kwa rula anapata kilomita 1.4, anaitafuta kwenye majibu, haipo. Mvivu aliyekadiria kwa jicho anaandika 2 na kupewa vema! Kipimio cha mstari kingesinyaa pamoja na ramani na kusingekuwa na tatizo. Cha uwiano, yaani hiki cha namba, hakisinyai. Dai ukurasa huo peke yake kwenye A4, au ufute swali.

Michoro ya Sayansi imetolewa kopi ya kopi ya kopi. Sehemu za ua hazitofautiani, stameni na pistili zote ni doa jeusi. Kiingereza na Uraia hazina shida ya kutaja. Ufahamu wa Kiswahili ni mzuri, ingawa methali zinajirudia.

Mwongozo wa kusahihisha usiupokee kama msahafu. Swali la mzingo wa duara lenye kipenyo cha sentimita 14 limepewa jibu 154. Hilo ni eneo; mzingo ni sentimita 44, kwa pai ya 22/7. Sehemu B, namba 41 hadi 45, kila swali lina alama 2, lakini mwongozo unatoa jibu la mwisho tu, hausemi njia ina thamani gani. Walimu wakubaliane kabla ya kushika kalamu nyekundu, la sivyo mikondo miwili haitalinganishika.

Fomu ya majibu nayo imejaa tona hadi visanduku vimekuwa vizito, kivuli cha penseli ya HB hakionekani. Watoto wanajifunza kukandamiza mpaka karatasi inatoboka, kisha wanafuta kwa raba ya rangi inayoacha doa, na doa kwenye mashine inayosoma fomu ni balaa. Namba 41 hadi 45 hujazwa kwa kalamu ya wino wa bluu au mweusi, na maelekezo ya bahasha hayakulitaja hilo.

Bahasha ina majaribio matatu. Kwa shule za Newala na Tandahimba, la pili likiangukia msimu wa kupuliza salfa mikoroshoni, viti vingine vitakuwa wazi. Linganisha waliofanya la kwanza na la pili yote mawili tu. Wastani hupanda kirahisi pale watoto dhaifu wanapokuwa shamba.

Ukiagiza, sema mapema: A4 kwa ramani, fomu zitolewe kutoka nakala ya kwanza, majedwali yawe mawili kwa kila somo, maana moja litachafuka kwa vijiti vilivyokosewa.