Mizani ya kioo ya nyumbani: ipi ya kununua Bukavu, na namna ya kuisoma bila kudanganyika

Mtu akiamua kupunguza mwili hapa Bukavu, vitu vitatu huingia nyumbani haraka: raba, chai ya "kukausha tumbo" na mizani ya kioo. Raba achague inayomkaa mguuni. Chai tutaigusa huko chini, na hatutaisifu. Tunachopima hapa ni mizani, maana ndiyo inayowavunja watu moyo kuliko hata kupunguza bugali, na mara nyingi kosa si lake.

Madukani kwenye vyombo vya nyumbani, Ibanda au Kadutu, utaonyeshwa aina tatu.

Ya kwanza ni ya mshale. Ndani ina springi, na uso wake umegawanywa kilo moja moja. Haitaki betri, haiogopi vumbi, na ukiiangusha huenda ikaendelea kufanya kazi. Tatizo ni kwamba anayepunguza nusu kilo kwa wiki hataiona nusu kilo hiyo: ukiinamisha kichwa upande huu mshale unasoma 84, upande ule 85. Springi nayo huchoka. Kila asubuhi, kabla ya kupanda, zungusha kirungu chake hadi mshale ukae sifuri kamili. Ni bora kuliko kukosa kabisa, basi.

Ya pili ni kioo chenye kidirisha cha namba. Inasoma kwa hatua za gramu 100, na nyingi hubeba hadi kilo 150 au 180. Soma maandishi ya mgongoni kwanza kama uzito wako unakaribia hapo. Kila mguu kati ya miguu yake minne una kihisi, na mizani hujumlisha mizigo ya vihisi vyote. Hii ndiyo tunayoipendekeza.

Ya tatu inafanana nayo ila ina vibati vinavyong'aa juu ya kioo, na inaunganishwa na simu. Muuzaji atakuambia inapima mafuta ya mwili, maji, misuli, hata "umri wa mwili". Inachofanya ni kupitisha umeme mdogo sana kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kuona unavyozuiwa njiani, kisha kukisia mengine kutokana na umri, urefu na jinsia ulivyojaza kwenye simu. Umeme huo hupita zaidi miguuni na nyongani, kwa hiyo tumbo, ambalo ndilo lililokuleta dukani, linakisiwa tu. Ukipima kabla ya kunywa maji na baada ya kunywa, ukiwa na nyayo kavu na nyayo mbichi, asilimia zitabadilika bila gramu moja ya mafuta kuondoka mwilini. Mwenye kifaa cha kuongozea mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asiipande kabisa, na mjamzito aiache. Kama bei inalingana na ile ya pili, ichukue kwa ajili ya namba ya kilo tu. Kama inazidi, pesa yako inunue sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

Usinunue katoni iliyofungwa. "Papa, nifungulie niipande kwanza" si kukosa adabu, na muuzaji anayekataa umeshamjua. Iweke kwenye sakafu ngumu, ipande mara tatu ukiacha izime kila mara, kisha fanya jaribio la maji. Maji yana faida hii: lita moja ni kilo moja. Paketi mbili za chupa sita za lita 1.5 zina kilo 18 za maji, na plastiki yake haifiki hata nusu kilo. Panda mikono mitupu, kisha panda ukiwa umezibeba. Tofauti ikiwa kati ya kilo 18 na 18.7, mizani ni nzima. Nyumbani tumia bidoni ya lita 20 iliyojaa: tofauti itakaribia kilo 21, bidoni lenyewe likiwa ndani ya hesabu.

Jaribio la pili wachache wanalijua. Mizani nyingi za bei nafuu zinakumbuka namba ya mwisho. Ukipanda tena na tofauti ni ndogo, gramu 200 au 300, zinakurudishia namba ile ile ili uone zimetulia. Kuifumania ni rahisi: panda, soma, shuka, ngoja izime, kisha panda ukiwa umeshika robo lita ya maji kwenye chupa. Namba isipobadilika hata kidogo, mizani inakumbuka. Hilo halitoshi kuikataa, kwa kuwa dawa yake ipo: kila asubuhi pima bidoni la maji kwanza, halafu ndipo upande mwenyewe. Namba ya bidoni itafuta ile ya jana. Usipofanya hivyo unaweza kuona 84.3 siku tano mfululizo na kudhani mwili umegoma.

Usisumbuke sana kama mizani yako na ile ya kituo cha afya zinatofautiana nusu kilo. Hata nguvu ya uvutano hapa kwetu, karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ni ndogo kidogo kuliko Ulaya. Kifaa kilichosawazishwa Paris kitamsoma hapa mtu wa kilo 80 pungufu ya gramu 250 hivi. Inayokosea kwa kiasi kile kile kila siku bado inafaa. Inayoongeza nusu kilo leo na kuipunguza kesho irudishe.

Sakafu ndiyo shida kubwa zaidi hapa mjini. Nyumba nyingi za milimani zina sakafu ya mbao au simenti iliyopasuka na kuinama. Mbao inapinda chini ya mguu mmoja, vihisi vinne havigawani mzigo sawasawa, na namba inarukaruka. Plastiki laini au kapeti ni mbaya zaidi: mizani inazama, tumbo lake linagusa chini, na sehemu ya uzito wako inapita pembeni bila kupitia kwenye vihisi. Tafuta kigae kimoja kikubwa au ubao mnene wa pliwudi wa milimita 18, ukiweke mahali pamoja na usikihamishe. Bonyeza kona za mizani moja moja kwa kidole; ikicheza, ingiza kipande cha katoni chini ya ubao, wala si chini ya mguu wa mizani.

Anayeihifadhi kwa kuiegemeza ukutani ana kazi ya ziada. Kila inapoinuliwa inapoteza sifuri yake. Ilaze, ikanyage kidogo hadi iwake, ondoa mguu, ngoja ionyeshe 0.0 na izime. Ndipo upande. Kuruka hatua hii ya sekunde kumi ndiko chanzo cha malalamiko mengi ya "mizani mbovu".

Mengine kwa ufupi. Ikionyesha "Lo", betri imekwisha. Nyingi hutumia ile ndogo ya duara, CR2032, au zile nyembamba za rimoti, AAA. "Err" au "EEE" mara nyingi ni uzito uliopita kiasi chake. Ukiona ghafla 165 badala ya 75, hujanenepa: mtoto amebonyeza kitufe cha mgongoni na sasa inasoma kwa ratili za Kiingereza. Gawanya kwa 2.2 au kibonyeze tena. Usipande kwa miguu mibichi, na usikanyage ukingo wa kioo, kinabinuka. Wala usijaribu kupimia unga wa bugali: uzito mdogo hivyo nyingi haziuoni.

Sasa kuisoma. Pima asubuhi, baada ya kwenda chooni, kabla ya chai, ukiwa na nguo zile zile nyepesi. Andika kwenye daftari. Namba ya siku moja usiihukumu. Jumlisha saba, gawanya kwa saba. Chukua mfano wa mtu wa urefu wa mita 1.68. Wiki ya kwanza, kuanzia Jumatatu: 84.6, 83.9, 84.8, 84.3, 84.0, 84.1, 85.2. Wastani ni 84.4. Wiki ya pili: 84.9, 84.2, 83.8, 84.0, 83.5, 83.7, 84.3. Wastani ni 84.1. Akilinganisha Jumatatu na Jumatatu, ameongezeka gramu 300 na ataacha kila kitu. Akilinganisha wastani, amepungua zaidi ya gramu 300, na yuko njiani.

Ile 85.2 ya Jumapili inaeleweka: Jumamosi ilikuwa arusi, brosheti zenye chumvi, bugali, vinywaji. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700. Ili ile kilo moja na gramu 100 iliyoongezeka usiku huo iwe mafuta, angepaswa kunywa zaidi ya chupa 25 kubwa za bia juu ya chakula chake cha kawaida. Ni maji. Chumvi huyashika, na kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye misuli na ini huvuta karibu gramu 3 za maji. Mambo hayo hayo yakigeuka, anayekata bugali ghafla hupoteza kilo mbili wiki ya kwanza, anafurahi, kisha wiki ya tatu namba inasimama na anasema "haifanyi kazi tena". Inafanya, maji ndiyo yamekwisha kutoka. Mwanamke naye anaweza kuongezeka kilo moja au mbili kabla ya hedhi, kwa hiyo alinganishe wiki ile ile ya mzunguko wake, mwezi huu na uliopita. Na aliyeanza mazoezi juzi, misuli ikiuma, atabeba maji ya ziada kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo chai za kukonda zinapopata wateja. Nyingi zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Utapanda mizani kesho yake utaona kilo moja imeondoka, na imeondoka kweli: ni choo na maji. Inarudi ukishakunywa na kula. Ukiendelea kwa wiki, unapoteza potasiamu, ambayo moyo unaihitaji, na utumbo unazoea kusukumwa. Kwa hiyo mizani peke yake inaweza kumtetea muuzaji wa chai.

Ndiyo sababu hatuipendekezi bila mita ya fundi cherehani, ile ya sentimita 150. Kwanza ilaze kando ya mita ya chuma ya seremala, maana za plastiki huvutika. Tafuta ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati yake, pumzi ikiwa imetoka kawaida, mita ikigusa ngozi bila kubana. Mara moja kwa wiki mbili inatosha. Kuanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, hatari ya moyo na kisukari huanza kupanda. Kwa 102 na 88 ni kubwa zaidi. Mizani ikisimama na mita ikishuka, endelea kama ulivyo.

Lengo liwe nusu kilo kwa wiki, isizidi moja. Mtu wa kilo 85 akipunguza kilo 4 hadi 8 tu, shinikizo la damu na sukari huanza kupata nafuu, kabla nguo hazijabadilika sana. Hizo kilo hutoka kwenye vitu ambavyo mizani haivioni kwa siku moja. Kijiko kikubwa cha mafuta, ya mawese au mengine, kina kalori 120. Toa viwili kwa siku kwenye sombe (majani ya muhogo) na kwenye kukaanga sambaza (zichemshe na nyanya, ni tamu vile vile), na kwa mwezi umetoa 7,200, karibu kilo moja. Bia ya Primus ya sentilita 72 ina kalori kama 300. Milima yetu inasaidia, ila tusiitie chumvi: mtu wa kilo 84 akipanda mwinuko wa mita 100 anaunguza kalori 80 hivi. Apande kila siku, kwa moyo na magoti yake, lakini asijilipe bia kileleni. Nusu ya sahani iwe lengalenga au mboga nyingine, robo bugali, robo maharage au samaki. Unga upimwe kwa kikombe kabla ya kusonga, kwa sababu bonge likishakaa mezani hakuna anayejua ameshika kiasi gani.

Wako ambao kifaa hiki hakiwafai. Mjamzito afuatwe kliniki. Mtoto asiwekwe kwenye mashindano ya kilo. Anayejikuta akipanda mara nne kwa siku na kuruka mlo kwa sababu ya gramu 200 aiondoe nyumbani, abaki na mita. Na yule ambaye wastani wake unashuka wiki baada ya wiki bila kubadilisha chochote, hasa kama anakohoa, anatoka jasho usiku, au ana kiu na kukojoa kila mara, achukue daftari lake aende nalo hospitali. Kifua kikuu na kisukari huanza hivyo, na tarehe zile zitamsaidia daktari.