Kozi ya hotuba mtandaoni: somo la nyakati ni moto, masahihisho yamenichosha

Nimemaliza ile kozi ya mtandaoni ya kuandika na kutoa hotuba, jina naliacha maana ntasema na mabaya yake. Kwa sehemu kubwa ni kozi ya kawaida tu, kuna somo la sauti, somo la kupumua, somo la mikono uiweke wapi, hayo yote unaweza kuyaruka na usipungukiwe kitu. Kilichonibakisha mpaka mwisho ni sehemu ya nyakati za vitenzi, yaani hizi hizi li, na, ta, me tulizokaririshwa shuleni tukadhani kazi yake ni kujibia mtihani.

Wanaanza na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ambae aligawa hotuba mafungu matatu: ya mahakamani inashughulika na yaliyopita, nani alifanya nini, ya barazani inashughulika na yajayo, tufanye nini, na ile ya kusifu au kulaumu inakaa zaidi kwenye sasa. Mwanzoni niliona ni historia tu ya kujazia muda, ila ukishalishika hilo huwezi tena kusikiliza mkutano wa hadhara kama zamani. Mtu anaulizwa hela zilienda wapi, anajibu "tutaimarisha mifumo yetu". Umeuliza kwa li umejibiwa kwa ta! Kesi imehamishwa kutoka mahakamani kwenda barazani na watu wanapiga makofi, maana ahadi haina ushahidi wa kukaguliwa leo.

Wanavyochambua hotuba zenyewe hapo nawapa heko. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, tarehe 4 Juni 1940, kila mtu anakumbuka ule mwisho wa tutapigana fukweni, tutapigana mitaani, hatutasalimu amri, lakini mwalimu anakurudisha nyuma uone kwamba sehemu kubwa ya hotuba ile ni taarifa ndefu ya yaliyotokea, jeshi lilivyozingirwa na lilivyookolewa Dunkirk, pwani ya Ufaransa, mpaka anawaambia wazi kwamba huwezi kupata ushindi wa vita kwa kuhamisha askari. Kwahiyo zile "tuta" za mwisho zimesimama juu ya "li" nyingi zenye uchungu. Ukizikata ukazitumia peke yake kwenye hotuba yako ya kuomba kura zinabaki kelele tu. Lincoln, rais wa Marekani, pale Gettysburg mwaka 1863 alifanya safari nzima kwa dakika chache, anaanza miaka 87 iliyopita, anafika "sasa tupo vitani", anamalizia kwa serikali ambayo haitatoweka duniani.

Iliyonikosha kuliko zote ni ya Roosevelt, nae rais wa Marekani, tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya Japani kushambulia kambi yao ya Pearl Harbor. Hakuwaambia wabunge wa Marekani tuanze vita. Aliwaomba watangaze kwamba tangu shambulio lile hali ya vita imekuwepo. Hapo me inafanya kazi ambayo ta isingeweza, msikilizaji haombwi tena kuamua jambo zito, anaombwa akiri kitu ambacho kimeshatokea, na kukataa kunakuwa kama kukataa kwamba jana ilikuwepo. Mi nilisimamisha video nikarudia.

Sasa lawama. Kozi imetafsiriwa na inaonekana, mifano ni ya kizungu mwanzo mwisho na hawajakaa chini kujiuliza kitenzi cha Kiswahili kina nini. Wanayo kanuni moja wanaiimba kila somo, eti wakati uliopo ndio wenye nguvu siku zote. Siku zote wapi? "Tunajenga daraja" inaweza kusemwa miaka kumi mfululizo bila uongo hata mmoja na daraja lisiwepo. "Tumejenga" inakubana, watu wataenda kuangalia. Na hu je? "Makosa hutokea", hapo hakuna aliyekosea wala siku aliyokosea, ni kama mvua, na hawajaigusa kabisa. Ka nayo wameipita, wakati ndio injini ya msimuliaji yeyote, wakaja, wakaahidi, wakapewa kura, wakapotea, hadhira inabebwa mpaka mwisho bila kupata nafasi ya kuuliza swali.

Na kwa kozi inayouzwa kwa wasemaji wa Kiswahili, wanawezaje kumuacha Nyerere wa 1978, alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda? "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Hajasema tutapata uwezo, hajasema tunatafuta sababu. Vyote vitatu viko mkononi tayari, kwahiyo msikilizaji akishavihesabu uamuzi unakuwa umeshajifanya wenyewe. Ule ungekuwa mfano bora wa kanuni yao wenyewe na wameukosa.

Kuhusu masahihisho, kuna programu inasoma hotuba yako na kukupa alama, na kila ukiweka sentensi ya wakati uliopita inakupigia mstari mwekundu kwamba imepoa. Niliandika hotuba ya kumuaga mfanyakazi mwenzetu anaestaafu, sasa mtu anaeagwa utamsifia kwa ta? Kazi alizifanya, ni li tupu pale. Ikanipa alama za chini, nikaipuuza, ukumbini watu wakaipenda.

Kitu kingine nge na ngali hazina hata video moja, na wapinzani wa siasa popote pale wanakula humo humo, "wangetusikiliza tusingefika hapa", maneno ambayo hakuna binadamu anaeweza kuyahakiki.

Nawapa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za lile somo la nyakati. Ukijiunga nenda huko moja kwa moja, pakua maandishi ya hotuba wanayoweka chini ya video usome mwenyewe na kalamu mkononi, na ile programu ya masahihisho izime kama kwako inazimika, kwangu ilikataa.