Tathmini ya mafunzo ya video ya yoga kwa wachezaji wa gofu

Mafunzo ya video ya yoga yaliyotayarishwa mahususi kwa wachezaji wa gofu sasa ni mengi mtandaoni, na mpangilio wake hautofautiani sana: vipindi vya dakika 20 hivi, mkeka, kiti, fimbo moja ya gofu, na mwalimu anayeahidi kwamba mpira utakwenda mbali zaidi. Niliyoyafuata mimi ni ya aina hiyo, na nimeyafuata kwa muda wa kutosha kuona yanafaa wapi na yanapwaya wapi. Nayaona kuwa mazuri, ingawa si kwa sababu inayotumiwa kuyatangaza.

Sifa yake kubwa ni kwamba yanaanzia kifuani. Mchezaji anaporudisha fimbo nyuma, mabega huzunguka takriban nyuzi 90 ilhali nyonga huzunguka karibu nusu ya hapo, na tofauti hiyo ni lazima ipatikane mahali fulani kwenye uti wa mgongo. Wengi hudhani inatoka kiunoni. Pingili 5 za kiuno, kwa jinsi zilivyopachikana, huweza kujipinda kwa nyuzi chache tu kila upande. Kazi hiyo hasa ni ya pingili 12 za kifua, zile zinazobeba mbavu, zikisaidiwa na viungo vya nyonga. Mtu anayeshinda ameketi mbele ya kompyuta hukakamaa katika sehemu hizo mbili, na zikishakakamaa, kiuno hubebeshwa mzigo usio wake kila fimbo inapozungushwa. Ndiyo maana maumivu ya kiuno yamezoeleka mno miongoni mwa wachezaji wa gofu, wa kulipwa na wa kujifurahisha.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote linafuata hoja hiyo moja kwa moja. Unapiga magoti, unakalia visigino, kisha unainama mpaka kiwiko kimoja kiguse mkeka. Kiganja cha mkono wa pili unakiweka nyuma ya kichwa, na huku ukitoa pumzi polepole unageuza kiwiko cha mkono huo kuelekea darini. Kule kukalia visigino ndiko kunakoleta faida, kwa sababu katika mkao huo kiuno hakipati nafasi ya kujipinda kwa hila, na kinachobaki kuzunguka ni kifua peke yake. Mwalimu anasisitiza kwamba macho yakifuate kiwiko na kwamba usisukume pumzi inapokwisha. Ukisukuma, anasema, unaanza kutumia bega badala ya mbavu. Hapo ndipo mchezaji hugundua kwamba upande mmoja unafika mbali kuliko mwingine, jambo lisiloshangaza katika mchezo wa kupiga kwa upande mmoja maisha yote. Ili kupima maendeleo, unaketi kitini, magoti yakiwa pamoja na fimbo ikiwa imekingama kifuani, halafu unageuka kila upande na kuangalia ncha ya fimbo inaishia wapi. Ni kipimo rahisi na cha haki.

Sehemu ya nyonga nayo imefikiriwa vizuri, isipokuwa mahali pamoja. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mguu wa kushoto ndio unaopokea mwili fimbo inapoteremka, na ili mwili uzunguke juu yake, kichwa cha mfupa wa paja hakina budi kugeuka kuelekea ndani katika kiungo cha nyonga. Nafasi hiyo ikikosekana, unyayo huteleza, au mwili huinuka kabla ya kuugusa mpira, au goti hulipa deni la nyonga. Mazoezi ya kuketi sakafuni na kuyalaza magoti kulia na kushoto hushughulikia jambo hilo hasa. Kinyume chake, mkao wa njiwa, ule wa kukunja mguu mmoja mbele na kuunyoosha mwingine nyuma, unaorudiwa karibu katika kila kipindi, hufungua nyonga kwa nje, upande ambao mguu huo unauhitaji kidogo wakati wa pigo, na mtu mwenye nyonga ngumu akiulazimisha huishia kulikaza goti. Ningeupunguza bila kusita.

Mazoezi ya mabega na viganja ni ya kawaida. Kusimama kwa mguu mmoja bila viatu kunasaidia zaidi ya kunavyoonekana, hasa unapolazimika kupiga ukiwa kwenye mteremko.

Kasoro iliyo nzito ni kipindi kinachoitwa cha maandalizi kabla ya mchezo, ambacho kinamtaka mtu ashikilie mikao ya kujinyoosha kwa dakika nzima au zaidi. Kujinyoosha kwa kutulia muda mrefu namna hiyo hupunguza nguvu ya misuli kwa muda, na huo si wakati wa kuipunguza. Kabla ya shimo la kwanza kinachofaa ni mwendo: kuzungusha mikono, kuibembeza miguu, kugeuza kiwiliwili, kisha kuizungusha fimbo taratibu na kuongeza kasi kidogo kidogo. Kipindi hicho nimekihamishia baada ya mchezo, na huko kinafaa sana.

Ahadi ya mpira kwenda mbali pia inahitaji kupunguzwa chumvi. Wepesi wa viungo humpa mchezaji nafasi ya kuzunguka. Kasi ya fimbo hutokana na nguvu za miguu na kiwiliwili, na mikao ya mkekani haitoshi kuzijenga. Gary Player wa Afrika Kusini, mshindi wa mashindano makuu 9, alinyanyua vyuma katika miaka ambayo wengi waliamini kwamba misuli humharibia mchezaji wa gofu pigo lake. Mwenye viungo vilivyolegea kwa asili hana sababu ya kununua mafunzo haya, na mwenye maumivu yanayoteremka kutoka kiunoni hadi mguuni amwone daktari kwanza.

Mashoto wamesahauliwa kabisa. Mwalimu husema "mguu wa mbele" na kumaanisha wa kushoto, bila kueleza kwamba kwao ni wa kulia. Aidha, katika mikao mingi uso huwa umeelekea chini na skrini haionekani, lakini yeye huonyesha mabadiliko kwa mkono badala ya kuyatamka, na mtu hulazimika kuinua shingo katikati ya zoezi linalomtaka ailegeze. Anayefikiria kununua mafunzo ya aina hii asikilize kipande cha majaribio akiwa amefumba macho. Akishindwa kufuata kwa sauti pekee, atafute mengine.