Spana ya shokapu ya shilingi 4,000: uzoefu wangu wa kumbeba mama mkwe Mwanga mpaka Ujiji

Usiku ule nilipompeleka mama mkwe kutoka Mwanga mpaka kwake Ujiji, hapa Kigoma, taa ya pikipiki ilikuwa inamulika maembe. Barabara iko gizani, mimi naona matawi tu, na kila gari linalokuja linanipigia taa kana kwamba nimewasha fulu. Tukafika kwenye tuta, nyuma pakalia ko! chuma kwa chuma. Mama hakusema neno. Jumapili iliyofuata akaniambia kwa upole, "Baba, usijisumbue, nitapanda bajaji." Mwenye mkwe ataelewa kuwa hapo nimeshasemwa.

Pikipiki yenyewe ni ya sisi 125, ina shokapu mbili nyuma, niliinunua kwa mtu. Fundi mmoja alibonyeza kiti mara mbili, akatoa hukumu: shokapu zimekufa, nikalete pea mpya. Sikuwa na hela, nikamwambia nitarudi. Kijana wa kijiweni ndiye aliyeinama akanionyesha pete ya chuma chini ya springi ya shokapu, ya kuibana au kuilegeza, ina ngazi tano kama vidato. Yangu ilikuwa ngazi ya kwanza, ile ya mtu mmoja mwepesi, na vumbi limeganda juu yake kama simenti. Tangu inunuliwe haijaguswa.

Spana ya kuizungushia ina umbo la ndoano. Kwa kawaida huja na pikipiki mpya kwenye mfuko wa vifaa, yangu ilishapotea. Nikapata dukani Mwanga kwa shilingi 4,000. Wapo wanaotumia bisibisi na nyundo. Kazi inafanyika, ila meno ya pete yanalika na siku moja spana itakosa pa kushika.

Kabla ya kugusa kitu nilichukua futi ya fundi cherehani. Pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma likining'inia, kutoka ekseli mpaka alama niliyochora juu yake ubavuni mwa kiti palikuwa na sentimita 52. Nikikaa peke yangu, 49 na nusu. Akipanda mke wangu nyuma (mama yake ana mwili zaidi, lakini huyo nani angethubutu kumpima!), 45. Yaani sentimita saba zimeshaliwa hata safari haijaanza. Hapo hata shimo la ukubwa wa sahani lazima ligonge.

Nikasugua pete kwa brashi na mafuta, nikapandisha mpaka ngazi ya nne, kushoto na kulia sawasawa. Usiache upande mmoja juu na mwingine chini. Fanya hivyo ukiwa kwenye stendi kubwa, maana springi ikiwa imejinyoosha ndipo pete inapozunguka kwa urahisi. Na subiri ekzosi ipoe. Mimi sikusubiri, alama iko kwenye kifundo cha mkono.

Kupima tena na abiria: 46 na kidogo. Sentimita moja na ushee, utasema ni kitu gani? Lakini kugonga kumekwisha kwenye matuta yote isipokuwa moja, na taa imerudi barabarani. Watu husema unakaza springi iwe ngumu. Siyo. Springi ni ileile. Unaibana kidogo kabla haijabeba mtu, ili mkia wa pikipiki usishuke mno (ukishuka, taa ya mbele inatazama juu) na shokapu ibaki na nafasi ya kucheza.

Ubaya upo. Asubuhi nikishuka Kibirizi peke yangu kufuata dagaa, ngazi ya nne inanirusha kama gunia. Kwa hiyo narudisha ya pili, dakika tano kila mara, na kuna siku uvivu unashinda. Pia pete haitibu shokapu inayovuja. Ya kwangu ya kushoto imeanza kulowa mafuta kwenye fimbo, hiyo itabidi ibadilishwe, na nitabadilisha zote mbili. Kwa hiyo fundi alikuwa na nusu ya haki, namwachia hiyo.

Mawili madogo: ukiwa na abiria ongeza upepo tairi la nyuma kama kibandiko cha pikipiki yako kinavyosema, na mlegeo wa cheni ukague watu wakiwa wamekaa, kwa sababu mkia ukishuka cheni nayo inabadilika. Na wanaobeba mshikaki (abiria wawili au zaidi kwa mpigo) wasije wakasema nimewaruhusu.

Naipa spana nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu mpini ni mfupi, ngazi ya nne kwenda ya tano unasukuma mpaka unaona nyota zenyewe.

Mama mkwe alikubali kupanda tena wiki iliyopita, dumu la mawese la lita tano likiwa mapajani, halikumwagika tone. Ila lile tuta moja la karibu na kwake bado anashuka na kulivuka kwa miguu, eti ananyoosha magoti.