Tahadhari: hiyo Fuji GS645 "safi kama mpya" imerudi sokoni

Ndugu wapiga picha, naandika haraka kwa sababu yule muuzaji ameitangaza tena kamera ileile aliyoniuzia, kwa picha zilezile na maneno yaleyale: "safi kama mpya, imejaribiwa."

Nilikuwa natafuta kamera ya filamu ya 120, ile pana ya roli, ya kusafiri nayo. Mamiya RB67 naipenda, ila ukiibeba siku nzima bega linakushtaki. GS645 inakunjwa, inaingia kwenye mkoba mdogo, na roli moja inatoa fremu 15. Ugonjwa wake unajulikana: mvukuto wa asili, ile sehemu nyeusi inayokunjuka kati ya lenzi na mwili wa kamera, hutoboka kwenye pembe za mikunjo. Nikamuuliza waziwazi. Akajibu hauna tundu hata moja. Nilipoomba video akiumulika kwa tochi, akasema kuna mteja mwingine yuko tayari kulipa. Nikalipa, tena nje ya mfumo unaomlinda mnunuzi. Ujinga wangu huo nimeshaukubali.

Nikasafiri nayo bila roli ya majaribio. Roli nne ziliposafishwa, karibu kila picha ilikuwa na mstari mweupe wa mwanga upande uleule. Za jua kali ndizo mbaya zaidi. Nikaingia chumba chenye giza, nikafungua mgongo wa kamera, nikatia tochi ndani. Nyota tupu! Vitundu saba upande mmoja tu. Nikapitisha kidole, rangi nyeusi ikabaki kidoleni. Kumbe alikuwa ameyaziba matundu kwa rangi, nayo ikapasuka kila nilipoikunja na kuikunjua.

Nilipodai pesa zangu, eti filamu iliharibiwa na mashine za ukaguzi za uwanja wa ndege. Mionzi gani inayochagua kona ileile roli nzima? Baada ya mvutano mrefu alirudisha nusu, nami nikamrudishia kamera yake.

Kamera yoyote ya kukunjwa, dai video ya tochi gizani. Dai pia usikie shata, kile kifungua mwanga cha kamera, ikifanya kazi kwenye sekunde 1, maana kasi za chini ndizo hukwama kwanza. Hii ya kwake mtaitambua kwa mkwaruzo wa umbo la V juu ya dirisha la kutazamia. Na angalieni tangazo vizuri: katika kila picha, mvukuto uko kivulini.