TAHADHARI: Albamu za kadi zinazouzwa kwa jina la "haina PVC", kumbe ni PVC tupu

Kama umeagiza albamu ya kuhifadhia kadi za kukusanya, iliyoandikwa "haina asidi, haina PVC", na ulipoifungua ikakupiga harufu ya pazia jipya la bafuni, usipange kadi hata moja humo. Soma hapa kwanza.

Wauzaji wa namna hii wamejaa kwenye masoko ya mtandaoni. Hatutaji duka, maana majina yao yanabadilika kila kukicha: leo akaunti hii, kesho nyingine, picha ni zilezile. Cha kukariri ni mchezo wao.

PVC kwa asili yake ni plastiki ngumu. Ili iwe laini kiasi cha kutengenezea kurasa za albamu, kiwandani huchanganywa na vilainishi, vimiminika vya mafutamafuta ambavyo havishikamani moja kwa moja na plastiki. Vimekaa humo kama maji kwenye sifongo, na siku zinavyokwenda vinatoka. Vikitoka vinakutana na uso wa kadi. Vanishi inalainika, kadi inagandana na mfuko, na siku ukiivuta unasikia inabanduka: sehemu ya picha imebaki kwenye plastiki, kinyumenyume. Joto huharakisha jambo hili. Albamu nyingi za miaka ya 1980 ziliharibu kadi kwa njia hiihii, kwa hiyo si tatizo jipya, ila sasa linauzwa likiwa na lebo ya usalama.

Na neno "haina asidi" lisikutulize. PVC ikizeeka hutoa yenyewe asidi ya hidrokloriki. Waulize wakusanyaji wa sarafu kuhusu ule utelezi wa kijani unaoota juu ya shaba. Ukurasa unaweza kuwa hauna asidi siku unauzwa, ukajitengenezea yake baadaye. Muuzaji hajasema uongo hapo, amechagua tu swali analotaka kulijibu.

Sasa angalia hesabu ya muda. Madhara yanachukua miezi, pengine miaka. Muda wa kurudisha bidhaa ni siku au wiki chache. Maoni ya nyota tano huandikwa siku mzigo unapofika, wakati ukurasa unang'aa kama kioo (PVC laini mara nyingi inang'aa kuliko polipropilini, plastiki iliyo salama kwa kadi, ndiyo maana inapendeza kwenye picha). Ukilalamikia harufu, utaambiwa uiache albamu wazi ipigwe na hewa wiki mbili tatu, harufu itaisha. Ni kweli itapungua. Na dirisha la kudai nalo litakuwa limefungwa.

Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji hivi, neno kwa neno: "Naomba jina la plastiki ya mifuko: ni polipropilini, polietilini, poliesta au PVC? Nijibu humuhumu kwenye mazungumzo ya soko." Mwenye mali safi atakujibu kwa neno moja. Mwenye lake jambo atakwambia "ni plastiki ya kiwango cha juu", "ni ya kiwango cha makumbusho", "haina asidi". Hayo si majibu. Hata neno "la kuhifadhia nyaraka" halina mwenyewe anayelilinda. Kiwanda chochote kinaweza kulichapa kwenye boksi. Kipimo chenye uzito ni kile cha kiwango cha kimataifa cha ISO 18916, kinachochunguza kama vifaa vya kuhifadhia vinaathiri picha. Kilitungwa kwa ajili ya picha, lakini anayekitaja na kuonyesha karatasi yake walau ameijua kazi. Angalia pia namba ndani ya pembetatu ya mishale: 5 ni polipropilini, 1 ni PET (ndiyo poliesta), 2 na 4 ni polietilini, 3 ni PVC. Picha za tangazo zilizofutwa sehemu ile ya namba zinajieleza.

Mzigo ukishafika, pima siku hiyohiyo. Huhitaji maabara.

Kata kipande kidogo, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, kutoka ule ukanda wenye matundu ya pete. Hapo hutaharibu mfuko wowote. Jaza maji kwenye glasi, tia tone moja la sabuni ya vyombo ukoroge polepole. Sabuni ina kazi yake: bila hiyo, kipande chepesi huelea juu ya ngozi ya maji hata kama kilipaswa kuzama, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kizamishe kwa kijiko hadi chini, kisugue kitoe viputo vyote, kisha kiachie. Polipropilini na polietilini ni nyepesi kuliko maji, kipande kitapanda juu. PVC itabaki chini. Tatizo ni kwamba poliesta nayo huzama, na poliesta ni salama kabisa. Kwa hiyo kilichozama kinahitaji kipimo cha pili.

Chukua waya wa shaba usio na ganda, ushike kwa koleo, uchome kwenye moto wa gesi mpaka moto usionyeshe rangi ya kijani tena. Ukiwa bado wa moto, gusisha kwenye kipande cha plastiki kiyeyukie kidogo juu yake, kisha urudishe motoni. Kijani kikali kinachowaka ghafla maana yake kuna klorini, na kwenye kurasa za albamu klorini ni PVC. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, na kipande kiwe kidogo. Moshi ule ni sumu. Usikichome kipande peke yake kwa kiberiti "kuona tu", utavuta moshi na hutajua lolote.

Angalizo ili usimwonee muuzaji asiye na kosa: toploda, yale makasha magumu ya kuingizia kadi kwa juu, kwa kawaida hutengenezwa kwa PVC ngumu na yatatoa kijani. PVC ngumu haina vilainishi au inavyo kidogo sana, na kadi huingia ikiwa imeshavaa kifuko laini cha polipropilini. Hiyo ni desturi, si utapeli. Tunachopiga vita ni PVC laini inayogusa kadi.

Tukiwa kwa wauzaji haohao, wana ujanja mwingine wa kuangalia.

Idadi. Tangazo linasema "albamu ya kadi 720", ukifungua unakuta kurasa 40 za mifuko 9. 40 mara 9 ni 360. Hizo nyingine 360 zinapatikana kwa kuingiza kadi mbili mgongo kwa mgongo katika mfuko mmoja, zikisuguana kila unapofungua. Uliza: kila ukurasa una mifuko 9 au 18? Na pete: picha inaonyesha pete zenye umbo la D, kinachokuja ni pete za duara, ambazo kurasa zikijaa hupanda kwenye mviringo na kuzikandamiza kadi za safu ya ndani. Alama ya mkunjo ikishaingia haitoki.

Makasha ya sumaku ya kuonyeshea kadi. Hapa ahadi ni "yanazuia miale ya urujuanimno" (UV). Tafuta tochi ya miale hiyo ya nanomita 365 na karatasi nyeupe ya kawaida ya printa. Chumba kiwe giza. Mulika karatasi moja kwa moja, itawaka samawati. Sasa weka ubapa wa kasha katikati. Kama karatasi inaendelea kuwaka vilevile, hakuna kichujio chochote, umeuziwa plastiki na maneno. Tochi za bei nafuu za nanomita 395 hazifai kwa kipimo hiki, kwa sababu mwanga wake uko mpakani na unaweza kupenya hata kichujio kizuri. Usimfungulie mtu kesi kwa tochi hiyo. Usiangalie tochi machoni. Na hata kasha likifaulu, mwanga wa kawaida bado hufifisha wino, mara nyingi nyekundu na njano zikitangulia, kadi ikabaki na ubuluu wa ajabu. Kasha la kweli linakuongezea muda, halikupi ruhusa ya kuweka kadi dirishani.

Unene nao huchezewa. Vipimo vya makasha huandikwa kwa pointi, na pointi moja ni elfu moja ya inchi: 35 ni kama milimita 0.89, 130 ni kama milimita 3.3. Kasha la 100 likibandikwa stika ya 130, kadi nene itabanwa pembe. Pima nafasi ya ndani kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene na upana), usiamini stika.

Ukishampata na kosa, ushahidi uwe video moja isiyokatwa: boksi lenye lebo ya muuzaji, albamu ikitolewa, kipande kikikatwa, kikizama, waya ukitoa kijani. Fungua dai chini ya kipengele cha bidhaa isiyolingana na maelezo, ukiambatisha lile jibu lake la kwenye mazungumzo. Ndiyo maana tunasisitiza usikubali kuhamishiwa kwenye simu au kulipa kwa njia ya kumtumia pesa kama rafiki. Ukitoka nje ya soko, hakuna wa kumlalamikia. Akikuomba usubiri harufu ipungue, fungua dai kwanza, halafu subiri ukitaka.

Na kama kadi zako zimeshakaa humo? Zitoe leo, lakini kwa utaratibu. Zinazoteleza zenyewe zitoe, zivalishe vifuko vya polipropilini na uziweke mbali na kadi nyingine, kwa sababu mafuta yale huhamia kwa jirani. Iliyoganda usiivute kwa kona. Kata mfuko pande tatu kwa mkasi mdogo, ncha ikielekea nje, kisha laza kadi juu ya meza, uishikilie kwa kiganja, ukunje plastiki nyuma kabisa hadi ilale juu yake yenyewe na uivute taratibu sambamba na meza. Plastiki ndiyo ibanduke kutoka kwenye kadi. Kadi ibaki bapa. Ukiona wino unafuata, simama, jaribu kutokea upande wa pili. Usifute mafuta kwa spiriti wala asetoni, vitaondoka na vanishi na rangi. Iache kadi mahali pakavu, penye giza na hewa, na kifuko chake ukibadilishe kila kinapoanza kung'aa mafuta.